Uzito wa Pigo

Ukiweka mshale wa kipanya juu ya silaha yoyote ndani ya World of Warcraft, kisanduku kidogo hufunguka kikiwa na namba. Kuna madhara ya chini na ya juu yanayoweza kutokana na pigo moja. Kando yake kuna kasi, yaani sekunde zinazopita kati ya pigo na pigo. Chini yake kuna namba ya tatu, inayopatikana kwa kuchukua wastani wa pigo na kuugawa kwa sekunde hizo: madhara kwa sekunde. Mchezaji mgeni huiangalia hiyo ya tatu peke yake, kwa kuwa inaonekana imekwisha kumfanyia hesabu yote. Hulinganisha silaha mbili, hubaki na yenye namba kubwa, huuza nyingine. Mchawi anaweza kuishi hivyo bila hasara, kwa sababu fimbo yake si ya kupigia. Mpiganaji hawezi.

Mpiganaji ninayemzungumzia ni yule wa toleo la kwanza la mchezo huo, lililotolewa na Blizzard Entertainment Novemba 2004 huko Marekani na kufika Ulaya Februari 2005, kisha likarudishwa kwa wapenzi wake Agosti 2019 kwa jina la World of Warcraft Classic. Levo ya mwisho ni 60. Nimemchagua yeye kwa sababu sijaona mchezo mwingine wa mtandaoni uliomfungamanisha mpiganaji na chuma chake kwa ukali namna hii. Matoleo yaliyofuata yalilegeza kamba: mpiganaji akapewa njia nyingi za kupata nguvu hata akiwa na silaha hafifu. Katika toleo la kwanza hakuna huruma hiyo. Silaha ikiwa mbaya, kila kitu kingine ni kibaya.

Sababu yake ni hasira. Mchawi na kuhani huingia vitani wakiwa na akiba ya nguvu za kiroho, na kazi yao ni kuitumia kwa akili isiishe mapema. Mpiganaji huingia mikono mitupu. Kipimo chake cha hasira huanza sifuri na kikomo chake ni 100, na hujaa kwa njia mbili kubwa: anapopigwa, na anapopiga. Akifika levo 60, kila madhara 31 hivi ya pigo la kawaida humpa pointi moja ya hasira. Kwa hasira hiyo hununua mapigo maalumu, yale yenye majina, yanayoua. Sasa tazama mzunguko ulivyo. Silaha nzito huumiza zaidi, kwa hiyo huzaa hasira zaidi, kwa hiyo mpiganaji hupiga mapigo maalumu mengi zaidi, na mapigo hayo nayo hukokotolewa kutokana na silaha ileile. Mwenye shoka hafifu hunyimwa mara tatu kwa kosa moja. Ndiyo maana wachezaji wazoefu humwambia mpiganaji mchanga asahau kofia na viatu kwanza, atafute silaha.

Lakini silaha ipi? Hapa ile namba ya tatu inapotosha, na inafaa tukae nayo kidogo.

Chukua wabeba maji wawili. Mmoja ana ndoo ya lita ishirini na huenda polepole. Mwingine ana ya lita kumi na hukimbia mara mbili. Jioni ikifika wamejaza mapipa sawasawa. Sasa mwenye nyumba atangaze kwamba kila saa atawaongezea safari moja ya bure, kila mtu kwa ndoo yake mwenyewe. Mwenye ndoo kubwa anamwacha mwenzake papo hapo, ingawa hakuna aliyebadilisha mwendo.

Safari ya bure ndiyo pigo maalumu. Mpiganaji aliyejikita katika tawi la silaha, linaloitwa Arms, hupata Mortal Strike, pigo la papo kwa papo ambalo huchukua madhara ya silaha aliyoishika na kuyaongezea 160 katika daraja lake la juu. Hugharimu pointi 30 za hasira na huweza kurudiwa kila baada ya sekunde sita. Halisubiri zamu ya silaha. Hulipuka pale kidole kinapobonyeza. Linganisha shoka maarufu la Arcanite Reaper, lenye madhara 153 hadi 256 na kasi ya 3.8, na silaha ya kubuni yenye madhara yaleyale kwa sekunde, 53.8, ila kasi yake ni 2.8. Kwa mapigo ya kawaida zinalingana kabisa. Lakini wastani wa Reaper ni 204.5 kwa pigo, na wa ile nyepesi ni kama 151. Kila Mortal Strike ya shoka itatoa madhara 54 zaidi kabla deraya ya adui haijapunguza kitu, na hivyo ndivyo itakavyokuwa kila baada ya sekunde sita hadi mmoja aanguke. Namba ya tatu haikusema lolote kuhusu jambo hilo.

Awali tofauti ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Nguvu ya shambulio ya mpiganaji hugeuzwa kuwa madhara kwa kanuni rahisi: kila pointi 14 ni dhara moja kwa sekunde, mara kasi ya silaha. Mtu mwenye pointi 1,000 aliongeza madhara 271 kwenye kila pigo la silaha ya 3.8, na 200 tu kwa ile ya 2.8. Hesabu hiyo ilipotumika pia kwenye mapigo ya papo kwa papo, silaha za polepole zikawa hatari kupita kiasi, na viwanja vya kupambana wachezaji kwa wachezaji vikajaa watu waliokufa kwa mapigo mawili. Blizzard wakasawazisha. Tangu hapo, kwa mapigo ya papo kwa papo, silaha zote za mikono miwili huhesabiwa kana kwamba kasi yake ni 3.3, za mkono mmoja 2.4, na majambia 1.7. Ulikuwa uamuzi wa haki, nami nauunga mkono. Hata hivyo haukugusa madhara ya chuma chenyewe, na kwa hiyo kanuni ya msingi ilibaki: kwa mtu wa Mortal Strike, kati ya silaha mbili zinazokaribiana, chukua ile inayochelewa.

Faida nyingine ya silaha inayochelewa haionekani kwenye hesabu. Anayecheza kutoka Nairobi au Dar es Salaam huunganishwa na seva za mbali, na kila amri yake husafiri hadi Ulaya na kurudi. Mtindo wa vita unaodai vidole vikimbizane na sehemu ndogo za sekunde humwonea. Shoka la sekunde 3.8 humpa nafasi ya kuona, kuamua na kubonyeza.

Wazo hili la kwamba silaha zitofautiane si la kale kama linavyodhaniwa. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ulioandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974, ndio babu wa michezo yote ya aina hii, na katika vitabu vyake vya kwanza jambia na upanga wa mikono miwili vilirusha dadu lilelile la pande sita. Mpiganaji alichagua silaha kwa kupenda sura yake. Mwaka uliofuata kikatoka kijitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, na ndani yake jambia likapewa dadu la pande nne, upanga wa kawaida pande nane, upanga wa mikono miwili pande kumi. Kuanzia ukurasa ule, kuchagua silaha kukawa hesabu. EverQuest ya mwaka 1999 ikaongeza muda: kila silaha iliandikwa madhara yake na ucheleweshaji wake, na wachezaji wakawa wanagawa moja kwa nyingine kwenye karatasi kando ya kibodi. Blizzard waliwafanyia mgawanyo huo na kuuandika kwenye kisanduku. Nadhani hapo ndipo kizazi kipya kilipoacha kuzitazama namba mbili za mwanzo.

Tumrudie mpiganaji wetu akiwa bado kijana. Kupanda levo akiwa peke yake ni taabu. Hana mnyama wa kumsaidia kama mwindaji, hana uponyaji kama kuhani, na kila baada ya pambano hukaa chini kula mkate na kufunga bandeji. Akifika levo 30 huitwa kwenye safari ndefu inayoanzia kisiwa kidogo cha Fray, humpeleka kukusanya hirizi za viumbe wa moto, maji na radi, pamoja na pembe za matroli wa msitu wa Stranglethorn, na kumfikisha kwa mzee Bath'rah katika milima ya Alterac. Mzee huyo humwita Cyclonian, kiumbe wa upepo wa levo 40 asiyeuawa na mtu mmoja wa levo 30. Ni lazima kuomba wenzako. Naipenda safari hii kuliko zawadi yake, kwa kuwa humfundisha mpiganaji mapema kwamba silaha yake itakuwa imetokana na jasho la watu wengine.

Zawadi ni moja kati ya tatu: shoka, upanga au nyundo, zote za mikono miwili. Wengi huchukua shoka, Whirlwind Axe, madhara 102 hadi 154 kwa kila sekunde 3.6, na kwa levo kumi zinazofuata hutembea duniani kama watu wengine. Sina ugomvi na chaguo hilo. Ila kabla ya kuchukua, mtu ajiulize mambo mawili: mkono wake umezoea nini, na alizaliwa wapi.

Mkono kuzoea ni jambo halisi ndani ya Azeroth, dunia ya mchezo huu. Kila aina ya silaha ina ustadi wake, ambao huanza kwa 1 siku unapofundishwa na walimu wa silaha mijini, na hukua kwa kupiga tu. Kikomo chake ni levo yako mara tano, kwa hiyo levo 60 ina kikomo cha 300. Mtu aliyetumia panga maisha yake yote akipata nyundo ya ajabu levo 60 ataikuta haimtii: hukosa, huteleza, hukwaruza. Itambidi aende porini kupiga wanyama kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kuipeleka vitani. Wapiganaji wenye busara hubeba silaha za aina zote tangu mapema na kuzizungusha, ili siku bahati ikidondosha kitu wasilazimike kukikataa.

Na kuzaliwa? Binadamu wa mchezo huu huzaliwa na ziada ya pointi 5 za ustadi wa panga na nyundo. Orki huzaliwa na ziada kama hiyo kwa mashoka. Mwaka 2005 wengi walidhani ni pambo dogo. Ilipofika 2019, watu walikuwa wamepata miaka ya kupima na kuandika, na ikajulikana jinsi pointi hizo tano zinavyobeba uzito mbele ya bosi. Bosi mkubwa huhesabiwa kuwa wa levo 63 na ulinzi wake ni 315. Mbele yake, asilimia 40 ya mapigo ya kawaida ya mpiganaji huwa ya kukwaruza. Mwenye ustadi 300 hupoteza wastani wa asilimia 35 ya nguvu ya kila pigo la namna hiyo. Mwenye 305 hupoteza 15 tu. Hata kukosa hupungua: wa 300 anahitaji vifaa vya kumwongezea asilimia 9 ya shabaha ili mapigo yake maalumu yasipotee, wa 305 anahitaji 6. Kwa hiyo binadamu anayeshika shoka zuri anaweza kupitwa na binadamu mwenzake mwenye upanga wa kawaida, na namba za kwenye kisanduku zisieleze kwa nini.

Wasiozaliwa na bahati hiyo walikuwa na njia moja ya mkato, glavu zinazoitwa Edgemaster's Handguards. Huvaliwa kuanzia levo 44, deraya yake ni duni, na kwa miaka watu waliziuza bila kujua wanachouza. Zinaongeza pointi 7 kwa mashoka, majambia na panga. Ziliporudi na Classic, kila mtu alijua, na bei yake mnadani ikapaa hadi vyama vizima vya wachezaji vikachanga dhahabu kumnunulia mtu mmoja jozi. Glavu za levo 44 zikavaliwa na watu waliokwisha kuua majoka.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mpiganaji hushika silaha moja tu. Tawi la pili, Fury, humshikisha silaha mbili, moja kila mkono, na humbadilishia hesabu karibu yote. Mkono wa kushoto hufanya nusu ya madhara, ingawa mafunzo ya tawi hilo huipandisha hadi asilimia 62.5. Mapigo ya kawaida ya mikono yote miwili huongezewa asilimia 19 ya kukosa, adhabu nzito. Mtu akiisoma sheria hiyo anaweza kudhani kwamba silaha mbili ni za kujionyesha. Levo 60 ikifika na vifaa vikianza kuwa vizuri, ndizo zinazoongoza madhara dhidi ya mabosi, kwa sababu pigo kuu la tawi hilo, Bloodthirst, halisomi silaha kabisa. Husoma nguvu ya shambulio, asilimia 45 yake. Hapo uzito wa chuma hupoteza kiti cha enzi, na mapambo yaliyoandikwa kwenye silaha hupanda thamani: nguvu, shabaha, uwezekano wa pigo maradufu.

Mfano bora ni jozi ya Dal'Rend, panga mbili anazodondosha bosi Rend Blackhand katika ngome ya juu ya Blackrock. Ule wa kulia una madhara 81 hadi 151 na kasi ya 2.8, wa kushoto 52 hadi 97 na kasi ya 1.8. Madhara kwa sekunde yanalingana, 41.4 kila mmoja. Aliyezitengeneza alijua anachofanya. Mkono wa kulia unahitaji uzito, kwa kuwa Whirlwind, pigo la kuzunguka linalogonga hadi maadui wanne, husoma silaha ya kulia pekee. Mkono wa kushoto hauna pigo la namna hiyo, basi unaachiwa wepesi, kila mguso ulete tone la hasira. Na zikishikwa pamoja huongeza pointi 50 za nguvu ya shambulio, ambazo hulisha Bloodthirst. Hazipatikani kwa uvamizi wa watu arobaini, wala si za rangi ya zambarau ambayo wachezaji huitamani. Ni za buluu. Nimeona watu wakizitupa kwa ajili ya kitu cha zambarau kilichowapunguzia nguvu. Rangi hueleza uadimu. Haielezi kama silaha inakufaa.

Pia kuna suala la nani amesimama kando yako. Katika toleo la kwanza waganga waitwao shamani walikuwa katika Horde peke yake, upande wa orki, na kinyago chao cha Windfury humpa mpiganaji aliye kwenye kundi lao nafasi ya asilimia 20 ya kupata pigo la ziada kila anapopiga kwa mkono wa kulia. Pigo hilo la ziada hulingana na silaha. Orki mwenye shoka zito la mikono miwili na shamani nyuma yake ni balaa ambalo binadamu mwenye shoka hilohilo hawezi kulifikia, hata awe stadi kiasi gani. Kwa hiyo anayeniuliza Arcanite Reaper ni nzuri kiasi gani, nami humuuliza anacheza na nani.

Na shoka hilo halikupatikana kwa kuua mtu. Lilifuliwa na wahunzi kwa mikuo 20 ya arcanite, pamoja na vitu vingine. Mkuo mmoja hutokana na mkuo wa thoriamu na kito adimu kinachochimbwa migodini, na ni mwanaalkemia pekee awezaye kuvigeuza, mara moja kila siku mbili. Mwanaalkemia mmoja akifanya kazi bila kukosa angehitaji karibu siku 40 kukamilisha shoka moja. Ndiyo maana mtu aliyetembea nalo mitaa ya mji wa Orgrimmar mwaka 2005 alitambulika kwa mbali: nyuma yake kulikuwa na wachimbaji, wanaalkemia na mhunzi, na mara nyingi walikuwa rafiki zake.

Yote haya huwa madogo mpiganaji anaposhika ngao. Akiwa mbele ya bosi katika mkao wa ulinzi, kazi yake si kuua. Ni kuchukiwa. Adui humshambulia anayemchukia zaidi, na mpiganaji lazima awe huyo, la sivyo joka linageuka na kuwala waponyaji. Mkao huo humpunguzia madhara anayopata kwa asilimia 10, humpunguzia na anayotoa kwa kiasi hichohicho, lakini chuki anayozalisha huongezeka kwa asilimia 30. Kwa kazi hii silaha ya polepole ni mzigo. Pigo la Heroic Strike huongeza chuki nyingi na hupanda juu ya pigo lijalo la silaha; silaha ikichelewa, nalo huchelewa. Mlinzi hutaka upanga mfupi wa haraka, hata kama namba zake zinaonekana za kimaskini.

Quel'Serrar, upanga wa kasi ya 2.0, ni wa aina hiyo, na njia ya kuupata ndiyo niipendayo kuliko zote katika mchezo huu. Huanza na kitabu cha kuulia majoka kinachopatikana Dire Maul, ambacho hupelekwa kwenye maktaba humohumo na kuleta upanga wa kale usiopitia moto. Kisha kikosi kizima huenda pangoni kwa joka Onyxia. Mpiganaji huusimika upanga ardhini mbele ya joka ili pumzi yake ya moto iupitie, na wenzake hulazimika kumgeuza joka na kustahimili moto huo kwa makusudi. Joka likishauawa, upanga uliopashwa hudungwa mwilini mwake. Faida yake vitani si madhara makubwa: mara kwa mara humwongezea aliyeushika ulinzi na deraya. Ni silaha inayomfanya mtu adumu kwa ajili ya wengine, na watu 39 huungua ili aipate.

Classic ilileta mabadiliko hapa. Wachezaji wa 2019 walikuwa na ujuzi uliokomaa na wakatoa madhara kwa kasi ambayo mlinzi mwenye ngao hakuweza kuifuata kwa chuki. Walinzi wengi wakaiacha ngao mgongoni na kushika silaha mbili mbele ya bosi, wakiamini waponyaji wao. Mtindo huo unafaulu kwa kikosi kilichoshiba vifaa. Kwa kikosi kinachojifunza, naona ni hatari isiyo na sababu; mlinzi aliyekufa hatoi chuki yoyote.

Silaha ikidondoka mbele ya kikosi, huzuka swali la nani apewe nini, nalo lilitafutiwa jibu kabla ya Azeroth. Katika EverQuest, vyama vilivyokuwa vikiwaua majoka Lady Vox na Lord Nagafen vilibuni pointi za kuua majoka: unahudhuria, unapata pointi, unazitumia kununua kinachodondoka. Mfumo huo ulihamia World of Warcraft na ukatatua ugomvi mwingi. Lakini pointi hujua nani amehudhuria, hazijui silaha ni ya kazi gani. Ashkandi, upanga mkubwa wa madhara 229 hadi 344 anaoudondosha bosi Nefarian, ni ndoto ya mtu wa Mortal Strike. Wawindaji nao wanaruhusiwa kuushika, na mwindaji mwenye pointi nyingi angeweza kuununua ili uning'inie mgongoni akipiga mishale. Kwa kanuni ilikuwa haki yake. Kwa vita vya wiki iliyofuata, ilikuwa hasara ya watu arobaini. Naamini viongozi waliokuwa tayari kumwambia mwindaji huyo asubiri, na kumweleza sababu waziwazi mbele ya wote, walikuwa sahihi.

Thunderfury haikuachwa hata kwa pointi. Ni upanga wa mkono mmoja wa kasi ya 1.9, na radi yake huruka hadi kwa maadui watano, huku adui mkuu akipunguziwa kasi ya mashambulizi kwa asilimia 20. Hakuna kitu kilichomfaa mlinzi kuliko huo. Vifungo vyake viwili hudondoka kwa nadra sana, kimoja kwa Garr na kingine kwa Baron Geddon, wote mabosi wa Molten Core, na watu waliishi miezi mingi wakiwa na kimoja tu. Kisha huhitajika kiini cha bosi Ragnaros na mikuo 10 ya elementiamu, ambayo kila mmoja hula mikuo 10 ya arcanite. Elementiamu yenyewe hakuna anayejua kuiyeyusha isipokuwa goblini mmoja, Krixix, ndani ya Blackwing Lair, naye ni adui. Kuhani lazima aitawale akili yake na kumlazimisha amfundishe mchimbaji wa kikosi. Mwisho wake ni jangwa la Silithus, ambako kiumbe aitwaye Thunderaan huitwa na kuuawa. Kwa hiyo chama hukaa kikao kabla ya kifungo cha kwanza kudondoka, na swali linaloulizwa kuhusu mlinzi anayependekezwa ni moja: mwakani atakuwa bado yupo?